Jinsi Gambuti ya Mama Mkwe Ilivyokombolewa Mlimani

Njooni, enyi wa Kwa Vonza na wa Kitui mjini, nanyi wa Makueni mpaka Kiboko ambako malori hayalali. Njooni mvute viti, wasio na viti wageuze ndoo wakalie, na mwenye maharagwe jikoni apunguze moto asije akaniunguzia hadithi katikati. Simu zifungwe midomo. Nina habari ya vita kifuani, na habari ya vita haisimuliwi watu waliosimama mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Wala si vita vya wafalme, maana hivyo mmekwisha kuchoshwa navyo shuleni. Ni vita vilivyopiganwa juu ya Mlima Kenya, baina ya mtu na tope, kwa ajili ya kiatu kimoja cha mpira, cha kijani, cha mguu wa kushoto.

Nawaona mnaocheka. Chekeni polepole, kicheko chenu nitakihitaji baadaye.

Shujaa wetu ni Mulei, fundi wa kuchomelea milango pale Kwa Vonza, mwenye mabega ya kubeba geti la chuma peke yake na sauti ndogo isiyoweza kufukuza kuku. Alimwoa Mbinya binti Kavindu, na kwa ndoa hiyo akapata furaha zote za dunia ila moja: hakuwa amemtazama mama mkwe wake usoni, wala mama mkwe hakuwa amemtazama yeye. Hata siku ya arusi Kavindu alikaa nyuma ya nguzo ya hema, akala pilau yake nyuma ya nguzo, akapiga vigelegele nyuma ya nguzo, na picha zote za siku ile zinamwonyesha kiwiko.

Maana Wakamba wa zamani walikuwa na kitu kiitwacho nthoni, heshima kali kuliko pilipili: mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani, hawatajani kwa jina, na wakikutana njiani kila mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Siku hizi wengi wameilegeza, wanapiga picha pamoja na kugawana soda. Lakini Kavindu wa Kiboko hakuwa wengi. Kavindu alikuwa Kavindu, mkulima wa ndengu katika udongo usiotaka ndengu, msuka viondo asiyeacha kusuka hata akitembea, mama aliyeapa kwamba heshima aliyoikuta duniani ataiacha duniani ikiwa nzima.

Nthoni hiyo ina mlango wa kutokea. Katika nyumba ya Kavindu mlango ulikuwa huu: mkwe atoe zawadi kwa mkono wake mwenyewe, mama aipokee kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo wataongea kama watu. Sasa nawauliza nyinyi wenye akili, utamtiaje mtu kitu mkononi na hali huruhusiwi kumkaribia? Hapo wahenga walifunga fundo wakasahau kutuonyesha ncha. Mulei alipeleka blanketi. Likapokewa na mkono wa binti, halikuhesabiwa. Alituma mbuzi kwa boda boda. Mbuzi akafika amekasirika, akala mche wa mpapai wa jirani, na zawadi ikageuka kesi. Mwishowe akaenda mwenyewe na sufuria mpya ya kupikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na Kavindu, kusikia tu geti likilia, akatoka kwa mlango wa jikoni akakaa kwa jirani yuleyule mpaka jua likatua. Sufuria ikarudi Kwa Vonza ikiwa bado na kibandiko chake.

Haya yote yangebaki kichekesho cha familia, kama Mbinya hangekuwa mjamzito. Ujauzito wake ulikuwa umefika pale ambapo tumbo hutangulia mlangoni na mwenyewe hufuata. Ilikuwa mimba ya kwanza, naye aliogopa. Alimtaka mama yake awe karibu siku ya uchungu, na amshikie mtoto zile siku za mwanzo ambazo mzazi hajui kama analia yeye au analia mtoto. Kavindu akajibu kwa simu kwamba mwanawe ni mwanawe, lakini yeye hawezi kulala chini ya bati moja na mkwe ambaye zawadi yake hajaipokea. Mbinya akakata simu, akalia huku akiosha vyombo, na Mulei akasimama uani ameshika kipande cha chuma asijue akifanyie nini. Hicho ndicho kilichokuwa hatarini, ndugu zangu. Kiatu kilikuja tu kama mjumbe.

Basi kwa nini mtu mwenye mashaka hayo aende mlimani? Asubuhi zilizo safi, ukisimama mahali pa juu kule Kitui, unauona Mlima Kenya mbali kaskazini, umevaa weupe wake na kujinyamazia. Mulei alikuwa ameutazama tangu utotoni akijiuliza huko juu kuna nini. Rafiki yake Abdiwahab, mwenye duka la jaketi na chupa za chai mjini Kitui, akamwambia kuna kundi linapanda kwenda kuona maziwa ya mlimani, maji yaliyolala karibu na mawingu. Mbinya naye akasema, “Enda sasa. Mtoto akija, wewe hata Machakos hutaiona.”

Kitu ambacho Mbinya hakusema ni kwamba mama yake, pamoja na akina mama wa kanisa lake kule Kiboko, angepanda mlima huohuo siku moja kabla ya Mulei, kwenda kuomba kando ya ziwa. Wala mama hakuambiwa habari za mume. Katika nyumba yenye nthoni, habari za mkwe hazipelekwi kwa mkwe, ndiyo adabu. Kwa hiyo heshima ileile iliyowatenga watu hawa wawili miaka yote ndiyo iliyowapanga kwenye njia moja, mmoja akipanda, mwingine akishuka.

Sasa nipeni mkono tupande. Ee mlima, mwenye kofia ya barafu na miguu ya matope, nilegeze ulimi niitaje njia yako kama ilivyokuwa, bila kuipendelea! Mbele ilikuwako mianzi, imesimama bega kwa bega, ikidondosha maji kwenye shingo za wapitao. Baada yao ikaja miti mikongwe yenye ndevu za kijivu, iliyoinama kana kwamba inasikiliza nani anakuja. Madimbwi ndiyo yaliyokuwa askari wa mbele, yanapiga kifundo cha mguu na kunyamaza; nyuma yao mizizi ikatega; na ukungu ukashuka ukateka macho ya kila mtu bila hata kupigana. Kinyesi cha ndovu kilikuwa katikati ya njia, kibichi, kinatoa mvuke, kikiwakumbusha wageni nani mwenye nyumba.

Abdiwahab alitembea nyuma ya Mulei. Ukoo wake ni wa wafugaji wa kaskazini mashariki, babu zake walivuka jangwa na ngamia bila kulalamika, naye alikuwa akilalamika kwa niaba yao wote. Alivaa jaketi tatu kutoka dukani kwake, moja ikiwa bado na kibandiko.

“Wallahi, Mulei,” akanena, “hii baridi mimi siiwezi. Huku hata mbu wamekataa kuishi. Binadamu ni nani?”

“Songa tu,” akajibu Mulei. “Ukisimama ndio inakushika.”

“Imeshanishika. Inaniuliza majina.”

Wenzao wa kundi, wenye fimbo za kupandia na suruali zinazokauka zenyewe, walikuwa wametangulia zamani. Hawa wawili walichelewa kwa sababu Mulei alisimama kila penye tope akalitazama. Msimlaumu. Kwa Vonza mvua ilikuwa imetupita misimu miwili. Sisi tope tunalijua kama tunavyomjua mjomba anayeishi ng'ambo: tunaambiwa yupo, tunaambiwa anatupenda, lakini haji. Na huku lilikuwa limelala bure kando ya njia, hakuna aliyelipanda hata mbegu moja. Roho ilimuuma.

Ndipo wakafika mahali pale. Upande wa kulia palikuwa na ukuta wa mwamba unaotiririka maji. Upande wa kushoto kinamasi cheusi, laini, kimetulia kama uji unaopoa, na ng'ambo yake mimea inayowasha ambayo hata nyati huiheshimu. Katikati watu wema walikuwa wamelaza magogo, moja baada ya jingine, ya kupitisha mtu mmoja. Mulei alikanyaga gogo la kwanza, Abdiwahab akakanyaga nyuma yake, na kutoka juu kwenye ukungu zikasikika sauti za akina mama wakiimba wimbo wa kanisa kwa Kikamba, mbali bado.

Mbele ya sauti hizo, peke yake, akatokea mama mmoja anayetembea haraka. Alikuwa na kiondo mgongoni, ukanda wake wa ngozi umepita kwenye paji la uso. Mikononi alikuwa na kiondo kingine kinachosukwa, vidole vinakwenda vyenyewe, macho yanaangalia njia. Miguuni gambuti za kijani. Mulei hakumwangalia uso. Alikiangalia kiondo. Mistari yake ilikuwa ya kahawia, mweusi, kahawia, na mmoja mwekundu mwembamba kama uzi, na kiondo chenye mistari hiyohiyo kilikuwa kimetundikwa ukutani kwake Kwa Vonza, kimeletwa na mkono wa binti.

Moyo wa simba ukageuka maji. Mulei akavuta kofia mpaka puani, akageukia mwamba, akaubusu.

“Abdi,” akanong'ona, “ni yeye.”

“Yeye nani?”

“Mama yake Mbinya.”

Na Kavindu naye alikuwa amemtambua. Mabega yale aliyajua kutoka nyuma ya nguzo. Akafanya kile ambacho bibi yake angefanya na bibi wa bibi yake angefanya: akatoka njiani aingie kichakani. Hapa ndipo kosa lilipozaliwa, kosa ambalo mgeni wa Ulaya hangelifanya, wala Abdiwahab, wala ndovu. Kule Kiboko ukitoka njiani unakanyaga mchanga. Kule mlimani Kavindu alitoka njiani kwa heshima kuu, akakanyaga kinamasi kwa mguu wa kushoto, na kinamasi kikampokea mpaka gotini.

Akavuta. Tope likavuta. Akavuta tena. Tope likakaa kimya, kama mtu anayejua ana muda.

“Wewe kijana wa jaketi nyingi!” Kavindu akapaza sauti, akiangalia mawinguni. “Mwambie huyo mtu aliye mbele yako apite.”

“Mulei, mama anasema upite.”

“Mwambie mama sina pa kupita. Mguu wake mwingine uko kwa gogo.”

“Mama, anasema—”

“Basi mwambie arudi alikotoka!”

“Mulei, anasema urudi.”

“Mwambie mama,” akasema Mulei, mdomo ukiwa bado kwenye mwamba, “mimi sirudi nikimwacha kwa matope. Hata kama ni makosa.”

Abdiwahab akainua mikono yote miwili juu, jaketi tatu zikapanda pamoja. “Kwani nyinyi hamsikiani? Mko hapa! Mko karibu hivi! Mimi ni nini, redio? Mulei, mtoe mama. Kama huwezi, nipishe nimtoe mimi.”

Lakini gogo lilikuwa la mtu mmoja. Abdiwahab alipojaribu kumpita rafiki yake kwa ubavu, mguu wake ukateleza, akakumbatia mgongo wa Mulei kama mtoto anayebebwa, na hapo akabaki, akisoma dua.

Mvua ikaanza, nyembamba, ya baridi. Kavindu akahisi vidole vya mguu vikimwaga kwaheri kimoja kimoja, ndipo akatoa hotuba ambayo mwamba ule haujaisahau.

“Mwambie huyo mtu maneno haya! Mimi Kavindu nimelima mawe yakatoa ndengu. Nimefukuza nyani kwa panga na kwa matusi. Nimevuka mto Kiboko umefurika, na mbegu kichwani, na mbegu hazikulowa. Siwezi kuzikwa wima na uji wa mlima! Nitatupa ukanda wa kiondo. Ashike upande wake, mimi nashika wangu. Asiniangalie. Ukanda ukikatika, ni wa ngozi ya mbuzi wake mwenyewe, yule wa mpapai, ajilaumu.”

Ndiyo, mbuzi wa zawadi alikuwa amegeuka ukanda. Mulei hakuwa na nafasi ya kulifikiria hilo. Ukanda uliruka, ukampiga sikioni, akaushika. Akaupitisha begani, akageuza mgongo, akainama kama fahali anayelima udongo mgumu, na Abdiwahab akashuka mgongoni akamshika kiuno, wakavuta wote wawili, mmoja akimwita Mungu kwa Kikamba na mwingine kwa Kiarabu. Tope likanung'unika. Mguu ukatoka! Kavindu akapanda juu ya gogo, ameokoka, amesimama kwa mguu mmoja, na ule mwingine umevaa soksi tu.

Gambuti ilikuwa imebaki kule chini.

“Mama, tuiache,” Abdiwahab akasihi. “Nitakupa nyingine dukani. Nitakupa jozi, na soksi juu yake.”

“Duka lako liko Kitui,” Kavindu akajibu, “na mguu wangu uko hapa.”

Alisema kweli. Kutoka pale mpaka kwenye geti la msitu njia ilikuwa ndefu, mizizi, mawe, maji ya barafu, na hakuna mtu wa umri wake angeishuka na soksi moja akabaki na mguu wa kulimia.

Ndipo Mulei akaenda vitani. Akasogea mpaka miguuni pa mama mkwe wake akiwa amefumba macho, akipapasa mwamba kwa kiganja kama anayetafuta swichi gizani, akapiga magoti, akatia mkono kwenye shimo la kiatu mpaka bega. Akaishika. Akavuta, ikakataa. Akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na tope likamrushia tone moja jichoni, la dharau. Ndipo uvumilivu wa nyumba nzima ya Kwa Vonza ukamjaa kifuani, na mtu huyu mwenye sauti ya kunong'ona akapaza sauti.

“Ewe tope! Unanijua mimi? Mimi natoka mahali unakoombwa kwa nyimbo. Wazee wanakuombea, watoto wanakuombea, ng'ombe wanaangalia mawingu wakikutafuta, na huji! Kumbe uko huku, umelala, umenona, kazi yako ni kuiba viatu vya akina mama! Huoni haya? Mke wangu anamlilia mama yake, na mama yake anataka kiatu, na mimi nimeshindwa na blanketi, nimeshindwa na mbuzi, nimeshindwa na sufuria. Leo sishindwi na wewe!”

Hata nyimbo za akina mama kule juu zilikoma kidogo. Na Kavindu, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwa amesikia kutoka kwa mkwewe hata kikohozi, alisimama kwa mguu mmoja akayasikia yote, mpaka lile la mke anayelia.

“Mwambie,” akasema kwa sauti iliyoshuka, “asivute. Azungushe. Kama anang'oa muhogo kwa udongo mkavu. Atikise kwanza, udongo uachilie wenyewe.”

“Mulei, anasema utikise kama muhogo.”

Mulei akatikisa. Kushoto, kulia, kushoto, kwa upole, kama mtu anayebembeleza mlango uliofura kwa mvua. Kitu kikalegea kule chini. Hewa ikaingia na mlio wa aibu ambao sitauiga mbele ya watoto, na gambuti ikatoka, na Mulei naye akatoka nayo, akaruka kinyumenyume, akatua chali kwenye kinamasi, mikono juu, kiatu kifuani, kofia imekwenda. Macho yake yalifunguka, kama yanavyofunguka ya kila anayeanguka. Na juu yake, kwenye ukungu, ulikuwa uso wa mama mkwe wake unaomtazama.

Ulikuwa uso wa Mbinya. Mbinya mwenye mikunjo, Mbinya aliyechomwa na jua la Kiboko, na pengo lilelile katika meno ya mbele. Hakuna aliyewahi kumwambia Mulei kwamba mama na binti wamefanana hivi.

Basi uso ule ukakunjamana, mdomo ukapigana na nafsi yake ukashindwa, na Kavindu akacheka. Alicheka mpaka akalazimika kushika mwamba.

“Umeumia?” akauliza.

“Mulei,” Abdiwahab akaanza kwa uaminifu, “mama anauliza kama—”

“Nimesikia,” akasema Mulei. “Hapana, mama. Sijaumia.”

Akainuka, anachuruzika mweusi kutoka nywele mpaka kisigino, akamnyooshea kiatu. Kavindu akanyoosha mkono akakishika. Na kwa muda mfupi kile kiatu kilikuwa na mikono miwili, mmoja huku na mmoja huku, mbele ya shahidi.

“Mkono kwa mkono!” Abdiwahab akapiga kelele. “Ametoa, umepokea! Nimeona! Mimi nitaapa hata kwa chifu!”

Hapo ndipo ushindi ungekwisha kutangazwa, lau Mulei hangekuwa mtu mkweli kupita kiasi. “Lakini Abdi,” akasema, na huzuni ikarudi usoni chini ya tope, “ni kiatu chake. Huwezi kumpa mtu kitu chake ukakiita zawadi.”

Kavindu alikitazama kiatu, kisha soksi yake, kisha njia aliyoijia kutoka ziwani. Nami nawaambia wazi, kwa kuwa hakuna sababu ya kuwaficha: fundo lile lilikuwa limemfunga mama huyu kuliko lilivyomfunga mtu yeyote. Aliapa, na hakujua jinsi ya kukitoka kiapo chake bila kuvunjika. Alipanda mlima kwa sababu hiyo.

“Sikiliza,” akasema, na safari hii hakumwambia Abdiwahab amwambie. “Kiatu kilikuwa changu nilipokuja. Mlima ulikichukua. Nilivuta mimi, ukakataa kunipa. Kwa hiyo kilikuwa cha mlima. Wewe umekwenda, umepigana na mlima, umekitoa. Anayemnyang'anya chui mbuzi, mbuzi ni wake, hata kama alizaliwa zizini kwangu. Hiki kiatu ni chako. Na sasa unanipa.” Akapangusa mvua kwenye kope. “Nimeomba kwa lile ziwa nionyeshwe njia ya kwenda kwa mtoto wangu. Sikujua njia yenyewe itanishika mguu.”

Akaketi juu ya gogo, akamwaga tope, akavaa gambuti. Akafungua leso kiunoni, akampa Mulei ajifute uso, na hiyo ikawa zawadi ya pili. Akina mama wa kanisa wakatokea kwenye ukungu, wakaona mwenzao anaongea na mwanamume mweusi wa matope, wakauliza ni nani, Kavindu akasema, “Ni mkwe wangu,” na vigelegele vilivyopigwa pale viliangusha maji kutoka kwenye kila mti wenye ndevu.

Kabla hawajaachana Mulei akauliza njia ya mbele ikoje.

“Matope mpaka mahali miti inakwisha,” Kavindu akamwambia, akiushika ukanda wa kiondo kwenye paji. “Halafu nyasi za kukata, halafu upepo. Usikae sana, utapata homa, na mimi sitaki kumkuta Mbinya anauguza watu wawili.”

Ziwa walilifikia. Ukungu ulifunguka kidogo, na maji yakawa pale, ya kijivu, baridi, yametulia kwenye kikombe cha mlima, na Abdiwahab akasema ni mazuri wallahi na twende nyumbani. Wenye suruali za kukauka walipiga picha nyingi. Mulei alichota maji kwa kiganja akanawa masikio. Wengine hupanda kutafuta ziwa. Yeye alikuwa amekwisha kupata alichokosa, kule chini, kwenye kinamasi.

Basi andikeni, nyinyi mnaoandika mambo makubwa! Andikeni kwamba mwaka ule mvua ilipokosa Kwa Vonza, gambuti moja ilitekwa na kukombolewa. Kwamba fundo lililowashinda blanketi, mbuzi na sufuria lilifunguliwa na kiatu. Kwamba Abdiwahab wa Kitui alikuwa redio ya haki, na hajavua jaketi ya tatu mpaka leo. Mbinya alipoulizwa kama kweli hakujua kwamba wote wawili wako mlima mmoja, alisema chai inapoa.

Na wiki za mwisho zilipofika, Kavindu alishuka kwenye matatu pale Kwa Vonza, kiondo mgongoni, akiwa amevaa zilezile za kijani juani, hali hata tone la maji halikuwapo njiani. Akafika mlangoni, mlango wa chuma aliouchomelea mkwewe, akasimama kidogo. Akavua gambuti moja, akavua ya pili, akaziweka kando ya viatu vya Mulei, akaingia na miguu mitupu. Tope la mlima lilikuwa bado limekauka kwenye kisigino cha kushoto. Hakuwa amelisafisha.

Mulei alikuwa uani na miwani yake ya kuchomelea. Alizitazama gambuti mlangoni, akazisogeza kivulini zisipasuke, akarudi kazini asiweze kuona chuma vizuri. Ndani ya nyumba Mbinya alikuwa anacheka, na mama yake alikuwa tayari analalamika juu ya mpangilio wa sufuria. Kisha ikaja ile sauti, kali, ya kuamrisha, ikipita dirishani mpaka kwa majirani, ikitamka kwa mara ya kwanza jina ambalo miaka yote halikuwahi kutamkwa.

“Mulei! Hii nyumba haina maji? Leta maji!”

Akatupa miwani chini, akashika ndoo mbili, akakimbia.